Waride na Pikipiki Isiyo na Valvu

Kabla ya masika ya mwaka ule, watu wa Kibiti walimjua Waride Mshamu kwa kazi moja tu, kutengeneza mashine za kupulizia korosho. Msimu wa sulfa, dawa ya unga ya mikorosho, ukikaribia, wakulima walimmiminikia kutoka Mahege na Mtunda, wengine kutoka Nyamwage ng'ambo ya mto, mashine wamezibeba mgongoni kama wanaopeleka wagonjwa. Yeye alikaa barazani kwake nyuma ya soko, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, akisikiliza injini moja baada ya nyingine. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, sauti yake ya chini, na mikono yake ilinuka petroli hata siku ya Idi.

Ufundi huo hakufundishwa na mtu. Miaka kumi na miwili nyuma, katikati ya msimu, mashine yao ilizimika na kukataa kabisa kuwaka, na maua ya mikorosho tayari yalikuwa yameanza kupata ubwiri unga, ule ukungu mweupe. Mumewe, Gharibu, alikwenda Ikwiriri kutafuta fundi. Waride akabaki anaitazama ile mashine pale uani, hasira zimemjaa. Mwisho akaivuta, akaifungua kila kilichofungika, akavipanga vipande juu ya mkeka kwa mpangilio aliovitolea, asije akasahau kipi kilitangulia. Akakuta tundu la kutolea moshi limezibwa na masizi magumu kama mkaa. Akayakwangua kwa kisu butu, akarudisha kila kitu mahali pake, akavuta kamba. Gharibu alikuwa anarudi kwa miguu, fundi hakumpata, akaisikia mashine yake mwenyewe inanguruma toka mbali. Akadhani ameibiwa, akaanza kukimbia.

Tangu hapo hakuna aliyekwenda tena Ikwiriri.

Lakini pikipiki zilikuwa jambo jingine. Pikipiki zilikuwa za kijiwe cha Mudrick, kule barabara kuu, chini ya bati. Mudrick alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, fundi kweli kweli, mwenye uwezo wa kushusha injini na kuipandisha huku anapiga soga. Wanawake walifika pale kupakiwa, wengine kuuza maandazi. Waride alifika pale asubuhi moja ya mwezi wa tatu kuazima bisibisi ya nyota.

Alikuta watu wamezunguka pikipiki ndefu ya porini, matairi yake ya meno, madigadi ya mbele imeinuka juu, rangi imeliwa na jua. Aliyeileta alikuwa Sista Mwanaamina, muuguzi wa zahanati kule Mtunda, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa ameipakia kwenye lori dogo la Canter tangu alfajiri. Pikipiki hiyo iliachwa na mradi mmoja wa malaria uliokwisha siku nyingi, ikalala stoo karibu miaka kumi na tano.

"Sista, hapa umepigwa," Mudrick alikuwa anasema. Alikwisha fungua kichwa cha injini. "Hii wameikomba. Valvu hamna, kamshafti ya kuzisukuma hamna, hata pa kupimia oili ya injini sipaoni. Wamekuachia chungu kitupu."

Vijana wakaguna kwa huruma. Waride akapenyeza kichwa, akachungulia ndani ya silinda. Akaona yale madirisha pembeni, lile la kuingizia na lile la kutolea moshi, na pistoni imeng'ang'ania katikati. Moyo ukamruka. Alikuwa ameviona vitu hivyo mara elfu, ila vidogo.

"Hakuna aliyeiba kitu," alisema.

Mudrick akageuka. "Unasemaje, Mama Salima?"

"Hii haikuzaliwa na valvu. Ni injini ya kuchanganya. Mashine ya korosho hii, ila imewekewa magurudumu."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika mpaka kwa wauza samaki ng'ambo ya barabara. Mmoja wa vijana alikaa chini kabisa, anashika mbavu.

"Maza, nenda kwenye sulfa zako," alisema mwingine. "Huku ni pikipiki."

Waride alihisi masikio yanawaka moto. Lakini alikuwa anasema kitu anachokijua, na hakuona sababu ya kukimeza.

"Hizo zenu, pistoni inapanda mara mbili na kushuka mara mbili ndipo iwake mara moja. Ndiyo maana zina valvu, za kufungulia na kufungia. Watu wa spea wanaziita fostroki. Hii ni tustroki, kila ikipanda, inawaka. Pistoni yenyewe inapopita ndiyo inayoziba na kuzibua madirisha. Na oili haikai chini, inainywa humo humo kwenye petroli. Aliyeitilia petroli tupu ndiye aliyeiua."

Sista Mwanaamina akavua miwani. "Lo! Kabla ya kuwekwa stoo tuliazima dereva. Akajaza petroli ya kituoni, akaenda nayo maili mbili, ikakwama. Tukajua imekwisha umri."

Kicheko kikapungua. Mudrick akafuta mikono, akachungulia tena ndani ya silinda.

"Unaiweza?" Sista aliuliza. "Masika ikianza, bodaboda zinanirudisha nusu ya njia. Nina vijiji kule bondeni sijavifikishia chanjo misimu miwili. Wananiambia nipate kitu chepesi."

"Sijapata kufungua pikipiki hata siku moja," Waride alijibu kwa ukweli. "Ila hii naijua."

Waliisukuma hadi nyumbani kwake, yeye na Gharibu, mji mzima unatazama.

Kazi ilimchukua wiki mbili na zaidi. Aliilowesha pistoni kwa mafuta ya taa siku tatu mpaka ikaachia. Wifi yake Hanifa, aliyekuwa na kibanda Kariakoo, alizunguka maduka ya spea hadi akapata pistoni na ringi za aina ile, akazituma kwa basi. Eksozi, yaani bomba la moshi, aliichoma kwenye moto wa vifuu, masizi ya miaka yakatoka vipande vipande. Kabureta aliiosha na kuipuliza mpaka mashavu yakamuuma.

Siku ya kuiwasha walikuja watu bila kualikwa. Vijana wa kijiwe walikuwepo, na Mudrick alisimama nyuma amekunja mikono. Waride alipiga kiki mara tatu. Mara ya nne ikawaka, na badala ya kutulia ikapanda, ikapanda, ikapiga yowe kama inataka kupasuka, na Waride hajaugusa hata mkono wa kuongezea mafuta. Alizima swichi, haikuzimika. Watu wakatimua mbio, mzee mmoja akaacha kandambili. Waride akafungua kanga ya begani, akaishindilia kwenye mdomo wa kuvutia hewa, injini ikakohoa, ikafa.

Watu wakarudi, wakacheka, wakaondoka. Gharibu akamletea chai. Hakuinywa.

"Pumzika kidogo, mama," alisema Gharibu.

"Imevuta hewa ya wizi," Waride alisema, kama hakumsikia. "Mahali fulani hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Mashine za korosho hufanya hivi hivi zikichoka. Wapi, ndilo sijui."

Akaziba eksozi kwa kitambaa na mpira, akaunga pampu ya baiskeli mahali pa kabureta, akapaka povu la sabuni injini nzima. Gharibu akapampu taratibu. Waride akapiga magoti, jicho karibu na chuma. Kwenye mhimili wa kranki, upande wa kushoto, kukatokea kipovu kimoja. Kikapasuka. Kikatokea kingine.

"Sili!" alipiga kelele, akamrukia mumewe shingoni na mikono yake yote ya masizi. "Gharibu, ni sili tu! Kile kimpira cha kuziba mhimili kimekauka!"

Sili mpya ilipofika na kuingia, pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, ikatulia, ikawa inasema ring-ding-ding huku moshi wa samawati ukipanda mwembani. Safari hii hakukuwa na watu wa kushangilia, ila Waride aliketi karibu nayo muda mrefu, mkono ameuweka juu ya tangi.

Mudrick alikuja kuiona kesho yake. Alizunguka mara mbili.

"Umeiamsha, nakupa heko. Lakini nikwambie ukweli, Mama Salima. Kelele nyingi, moshi mwingi, na petroli inakunywa kama ng'ombe. Ringi zake baada ya muda mfupi utazibadili tena. Fostroki unaipanda miaka, unabadili oili tu. Dunia iliziacha hizi kwa sababu."

Waride hakubisha, maana yote aliyoyasema yalikuwa kweli. "Tutaona kwenye tope," alisema.

Na tope lilikuja. Mwezi wa nne mvua zilishuka siku tisa mfululizo, na kabla hazijakatika vizuri, Sista Mwanaamina akapiga simu. Surua imeingia bondeni, watoto wawili wanaumwa katika kijiji kimoja, na Kitopeni, kijiji cha jirani, kina watoto arobaini na watatu ambao hawajachanjwa. Chanjo imefika na barafu yake, na barafu ile haiwezi kungoja zaidi ya siku hiyo.

"Nimemwomba Mudrick anipeleke na pikipiki yake ya porini," alisema. "Lakini nawe njoo na ile yangu iliyoko kwako. Nataka mbili. Na wewe uendeshe mwenyewe, maana ndiwe unayeielewa."

Waride aliwahi kuendesha pikipiki ya mumewe shambani na sokoni. Tope hilo hakuwahi. Alivaa suruali chini ya gauni, akafunga mtandio kwa nguvu, akachukua plagi mbili, spana ya plagi na chupa ya petroli iliyochanganywa, akaondoka.

Kutoka Mtunda kwenda bondeni njia inaanza na mchanga mrefu, na pale mchangani Mudrick alimwacha mbali. Fostroki yake ilikuwa nzito, lakini ilivuta kwa upole toka chini, imempakia Sista na kikasha cha chanjo, haihangaiki. Waride alipopunguza mwendo, yake ililala kabisa, haina nguvu. Akiongeza, ilikaa kimya kidogo halafu ikamkurupusha ghafla kama aliyesukumwa mgongoni. Alicheza na gia mpaka kidole cha mguu kikafa ganzi. Alianguka mara mbili. Mara ya pili Mudrick alisimama kumngoja, na hakumcheka.

"Usiiache ilale," alimwelekeza. "Ishike mafuta juu muda wote, cheza na klachi."

"Nimeona," alisema Waride, anatema mchanga. "Na yako hiyo ni tamu sana huku, sitasema uongo."

Baada ya mchanga ukaja udongo mweusi wa mbugani, ule unaoganda kwenye tairi mpaka tairi lisizunguke. Hapo mambo yakaanza kugeuka. Pikipiki ya Mudrick ilizama kwa uzito wake, wakalazimika kushuka wote watatu na kuivuta. Ya Waride ilipokwama, aliinyanyua nyuma peke yake, akaisogeza pembeni, akaendelea. Akaanza kuielewa: iache ipige kelele, iache irushe tope, usiiogope. Kuna mahali aliruka kidimbwi, tairi la mbele likapaa hewani, na yeye akajisikia anacheka kwa sauti.

Kisha wakafika kwenye kijito. Siku nyingine kilikuwa kijito cha kuruka, leo kimekuwa na upana wa nyumba tano, maji ya rangi ya chai yanakwenda upesi.

Sista alivuka kwa miguu kwanza, maji mapajani, kikasha cha chanjo kichwani, mkono mmoja umeshika fimbo. Mudrick akafuata na pikipiki. Alifika katikati vizuri, ndipo tairi la mbele likaingia shimoni, pikipiki ikazama mpaka tangi ikiwa bado inanguruma. Ilinyamaza mara moja. Waride naye alikwisha ingia. Alipojaribu kumkwepa, akateleza, akaenda chini na pikipiki yake yote, maji yakampita kichwani.

Waliziburuta zote mbili hadi ng'ambo. Mudrick akapiga kiki, kiki ikagoma kushuka, maji yamejaa juu ya pistoni. Akafungua plagi, akayatoa, kisha akachomoa kipimio cha oili. Kilitoka na kitu cheupe, kizito, kama chai ya maziwa.

Aliketi kwenye tope. "Maji yamechanganyika na oili. Nikiiwasha hivi naiua. Lazima nimwage yote, nioshe, nitie mpya, na sina hata kijiko. Sista, nisamehe."

Sista Mwanaamina aliitazama saa yake, halafu akafungua kikasha kidogo, akagusa barafu. "Barafu hii imebakiza muda wa saa nne tu," alisema taratibu. "Na maili sita kwa miguu na tope hili, sifiki."

Waride hakuwa akisikiliza. Alikwisha funga petroli na kutoa plagi. "Mudrick, njoo unisaidie. Tuipindue, miguu juu."

"Miguu juu?"

"Huku chini hakuna oili ya kumwagika. Kuna maji tu. Ipindue, mdogo wangu!"

Waliigeuza kichwa chini kama mbuzi wa kuchunwa, inakaa juu ya usukani na siti. Waride akaipiga kiki kwa mkono, na maji yakaruka kwenye tundu la plagi, fyaa, yakamlowesha Mudrick uso mzima. Akapiga tena, na tena, mpaka ukatoka ukungu, mpaka ikatoka hewa kavu. Akamwaga maji ya kabureta, akakamua sponji ya kuchujia hewa kama nguo ya kufua, akatia tone la petroli ya chupani kwenye silinda, akafunga plagi mpya. Wakaisimamisha.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Waride alivuta pumzi. Ya tatu ikakohoa. Ya nne ikalipuka, ikatoa moshi mweupe, halafu wa samawati, na kelele ile iliyochekwa Kibiti nzima ikajaa bonde zima la mto.

"Mashallah!" alilia Sista. "Mashallah, Waride!"

Mudrick alikuwa amesimama, uso unatiririka maji, mdomo wazi. "Noma sana," alisema. "Maza, noma sana."

"Panda, Sista," alisema Waride. "Mudrick, kaa na yako. Nitakurudia."

Maili zile sita hakuzisahau maisha yake. Tope lilikuwa lile lile, lakini mikono yake ilikwisha jua. Sista alimkumbatia kiunoni, kikasha kati yao, anasoma dua kwenye sikio lake. Walipokaribia Kitopeni, watu walikuwa wamesikia mlio toka mbali na kutoka nje; akina mama wamebeba watoto, wengine wamepanda juu ya vichuguu kuona. Waride aliingia kijijini matope toka kichwani mpaka kidoleni, na vigelegele vikapokezanwa nyumba kwa nyumba.

Barafu ya mwisho ilianza kuyeyuka wakiwa wamebaki watoto watano. Arobaini na watatu wote walichanjwa. Mama mmoja kijana, Kudra, ambaye mwanawe alikuwa wa mwisho kwenye foleni, alimshika Waride mkono wenye masizi akaubusu, na Waride akamwambia, "Mfunike, jua kali."

Lakini kazi ilikuwa haijakwisha. Mudrick alikuwa anangoja oili, na chupa aliyokuwa nayo Waride ilikuwa ya petroli iliyochanganywa, haifai kukaa ndani ya fostroki. Akauliza kijijini nani ana injini. Akaambiwa Mzee Saadi ana mashine ya kukoboa mpunga. Mzee Saadi alimpa galoni nzima ya oili, akasema kama ni kwa kumrudisha aliyeleta chanjo, hata angetaka mashine yenyewe angempa.

Aliporudi kijitoni na Sista, alimkuta Mudrick ameketi juu ya siti, pikipiki yake imekauka kwa jua. Wakamwaga ule uji mweupe, wakatia oili, wakaizungusha kwa kiki, wakaimwaga, wakatia tena mpaka ikatoka safi. Ilipowaka ilinguruma kwa sauti nzito, ya kutulia. Waride alisikiliza kwa furaha ile ile aliyoisikilizia yake.

"Unajua," alisema Mudrick, anafunga kifuniko, "pale kijiweni nilipokwambia imekombwa... nilikuwa naona haya kusema sijui."

"Hata miye sijui valvu," alisema Waride. "Sijawahi kurekebisha hata moja."

"Basi utanifundisha hiyo, nami nitakufundisha hii."

Maji ya kijito yalikuwa yamepungua, wakazisukuma pikipiki mpaka ng'ambo, na jioni zikaingia Kibiti zote mbili, Sista nyuma ya Mudrick, Waride mbele. Mudrick hakuizima pikipiki mpaka alipofika kijiweni, na alipofika akapanda juu ya benchi akawasimulia vijana kila kitu mwenyewe, mchanga, udongo mweusi, kijito, kichwa chini miguu juu, asifiche hata pale alipokaa kwenye tope. Yule kijana aliyesema nenda kwenye sulfa zako alinyanyuka, akafuta kiti kwa shati lake.

"Karibu ukae, fundi," alisema.

Neno hilo alikuwa ameitwa na wakulima miaka kumi na miwili. Kule barabara kuu lilikuwa halijatamkwa kwake. Waride aliketi, akanyoosha miguu yenye matope katikati ya kijiwe, na mtu akamletea soda baridi.

Kabla msimu wa sulfa haujaanza, zahanati tatu zilikwisha toa tustroki zao stoo na kuzileta Kibiti, mbili zikiwa zimekwisha ota nyasi. Waride alizifufua zote. Na Jumamosi moja, Mudrick ameshika tochi, yeye alipima valvu za fostroki kwa mara ya kwanza, akakaza, akageuza kranki, akapima tena. Alipopiga kiki, injini ilitulia bila hata mlio mmoja wa chuma kugonga chuma. Vijana wakashangilia kama timu imefunga goli. Waride akafuta mikono kwenye kanga, akawaambia walete nyingine.